Msingi wa Mavi ya Chuma

Mpangaji wa chumba namba nne hakuja kulalamika, alikuja kushukuru, na hapo ndipo Gaudiosa alipopaswa kushtuka. Kwa miaka miwili ya kupangisha vyumba alikuwa amezoea kuamshwa kwa habari za umeme wa LUKU uliokwisha kwa sababu mtu kachomeka jiko, habari za zamu ya choo, habari za nani kamwaga maji machafu mlangoni kwa nani. Shukrani hakuwahi kuletewa. Lakini asubuhi ile ya mwezi wa sita, ukungu umeikalia Mazwi, mjini Sumbawanga, mpaka kengele za baiskeli zinasikika kabla baiskeli zenyewe hazijaonekana, binti mmoja aitwaye Happy alisimama mlangoni pake na kanga moja tu mabegani, akamwamkia, akasema yeye na mume wake wamefurahi sana. Nyumba za wenzao watu wanalala na masweta na soksi. Chumba chao kina joto.

"Joto la nini?" Gaudiosa akauliza.

"La chini, mama. Nikitandaza nguo sakafuni jioni, asubuhi zimekauka."

Nyumba ya kupangisha ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka pale alipoishi na mzee wake. Gaudiosa alijifunga shuka, akaenda, akainama kwa shida kwa sababu ya magoti yake, akaweka kiganja kwenye saruji. Ilikuwa na joto la mahali kuku alipokuwa ameatamia akainuka sasa hivi. Akaingia chumba cha tatu, ambacho kilikuwa wazi, akagusa sakafu. Baridi ya kuuma meno. Akarudi namba nne akagusa tena, kisha akaufuta ule mkono kwenye kanga yake bila kujua anafuta nini.

Mume wake, Cleophas, alicheka alipoelezwa. Akasema wenye nyumba wengine wangeongeza kodi kwa neema kama hiyo, na yeye mke wake anamletea uso wa msiba.

Cleophas alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka thelathini na mbili alizunguka vijiji vya Kalambo kwa pikipiki ya serikali akiwaambia watu wapande mahindi kwa mstari, na watu wakimjibu ndiyo bwana shamba, kisha wakipanda walivyotaka. Alipostaafu akapewa kiinua mgongo chake. Fedha hiyo haiji mara mbili, na kila mstaafu ana washauri wengi kuliko fedha yenyewe. Shemeji yake alisema wanunue mahindi wavushe mpaka wa Kasesya. Katekista alisema mashine ya kusaga. Gaudiosa alisema wanunue viwanja viwili pembeni ya mji, wapande miti, wavisahau, kwa sababu kiwanja hakidai bati wala rangi wala hakigongi mlango asubuhi. Cleophas aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akajenga vyumba sita vya kupangisha, kwa maana aliambiwa na wenzake ofisini kwamba chumba kinamlipa mtu akiwa amelala.

Hakuna aliyemwambia kwamba kiwanja alichouziwa kilikuwa kwenye udongo mweusi wa bondeni, udongo unaomeza mawe. Lori la kwanza la mawe likamezwa. La pili likamezwa. Fundi akasimama kwenye mtaro wa msingi, mikono kiunoni, akasema bado. Cleophas alirudi nyumbani siku hiyo, hakula. Usiku akakaa kitandani akasema, kama mtu aliyekumbuka funguo alikoziweka: "Kuna ilungu la babu."

Watoto wa siku hizi wanaliona ilungu kwenye picha tu. Ni tanuru la udongo, refu mara mbili ya mtu, ambamo wazee wa Kifipa waliyeyusha mawe ya chuma wakapata majembe, zamani kabla majembe ya dukani hayajaja. Kwenye shamba la ukoo wao kule Mwazye lilibaki moja, kazi ya babu yake Cleophas, tumbo lake zima, matundu ya hewa yamelizunguka chini, na pembeni yake chungu ya mavi ya chuma, yale makapi meusi mazito yanayong'aa yaliyobaki baada ya chuma kutoka. Udongo uliochomwa vile hauyeyuki kwa maji. Mavi ya chuma hayaozi. Kwa msingi, mtu angetaka nini zaidi, na vya bure, tena vya babu yake mwenyewe?

Akakodi Fuso na vibarua wanne. Gaudiosa alikwenda kuwapikia. Cleophas alipopiga nyundo ya kwanza, hewa ndefu ilitoka kwenye matundu ya ilungu, vibarua wakacheka wakasema limepumua. Shangazi yake Cleophas, bibi wa miaka themanini na ushee, alikuja mpaka ukingo wa shamba na fimbo yake, akatazama. Cleophas akamwamkia shikamoo. Bibi hakuitikia, akageuka akarudi kwake. Kufika saa saba mchana ilungu halikuwepo, na jioni lilikuwa Mazwi, ndani ya mtaro, linamwagiwa zege.

Mwisho wa mwezi ule wa sita Happy alirudi kwa Gaudiosa, safari hii bila shukrani. Alizungukazunguka kwanza, akaulizia bei ya maharage. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba mume wake, Jafeti, analala kwenye kiti. Walikuwa na miezi minne ya ndoa. Kila wakikaribiana kitandani, chini ya kitanda kinavuta kitu, kinavuta hewa kama mtu anayechochea makaa kwa mdomo, na chumba kinajaa harufu ya moto wakati jiko liko nje limezimwa tangu magharibi.

"Na Jafeti anasemaje?"

"Anasema nikae mbali naye, mama. Anasema nikimgusa anaungua." Akafungua mkono wake. Kidoleni, chini ya pete ya ndoa, ngozi ilikuwa imetoka malengelenge.

Wiki iliyofuata walihama, kila mmoja na mizigo yake, yeye kwa dada yake, Jafeti kwa rafiki yake. Wakaja wengine, mwalimu na mke wake, wakakaa siku kumi na tisa. Wakaja wafanyabiashara wa dagaa kutoka ziwani, mume na mke watu wazima wenye wajukuu, wakaondoka alfajiri ya siku ya saba bila kudai kodi yao ya mbele, na hilo pekee lilitosha kumtisha mwenye nyumba yeyote. Halafu jambo lile likahamia namba tano, na namba mbili. Wenye ndoa wakaondoka wote. Aliyebaki ni Christopha wa bodaboda, kijana asiye na mke, aliyelala namba sita usingizi wa mtoto, akaamka amenawiri.

Mji mdogo hauna siri. Dalali aliyekuwa akiwaletea wapangaji alianza kupita njia nyingine, na alipobanwa na Gaudiosa sokoni akakiri kwamba nyumba yao inasemwa. Watu wa mikoa mingine wanapenda kututania kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi, nasi tunacheka nao. Lakini mwenye nyumba inayosemwa hacheki. Gaudiosa alirudi na kikapu chake, magoti yanauma, akiwaza vile viwanja viwili vyenye miti ambavyo havikununuliwa.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na mbili, baada ya misa ya kwanza, walikwenda kupaka rangi namba nne. Cleophas aliamini rangi. Alisema wapangaji wanakimbia ukuta mchafu wanasingizia mashetani. Mvua ilikuwa inapiga bati, ukungu umefunga dirisha, wakawasha taa mchana. Yeye akapaka, Gaudiosa akamshikia ndoo. Tone likamwangukia Cleophas kwenye nyusi, Gaudiosa akalifuta kwa ncha ya kanga, naye mzee akamshika kiganja akakizuia pale usoni, akamtania kwamba ampake vizuri, labda wanakwenda harusini. Hakuwa amemtania hivyo tangu astaafu. Gaudiosa akacheka, akamsogelea.

Mvua ikanyamaza. Haikukoma, kwani dirishani ilionekana bado inashuka, ila sauti yake juu ya bati ilikatika. Ikaja harufu ya makaa, na chini ya harufu hiyo nyingine ya chuma kinachopashwa, ile inayokaa ulimini kama damu. Kisha Gaudiosa akahisi upindo wa kanga yake unavutwa kwenda chini, si kwa mkono bali kwa hewa, hewa ya chumba kizima iliyokuwa ikiingia kwenye ufa mwembamba wa sakafu, ikiingia bila kutoka, kwa muda mrefu kuliko pumzi ya kiumbe yeyote anayemjua, mpaka masikio yakaziba na mlango ukajibana kwenye fremu yake. Na alipodhani sasa imeisha ikaanza kurudi, ya moto, ikipanda kupitia ndala zake, magotini, tumboni, kifuani, na ndani ya pumzi hiyo, mbali sana chini, chini kuliko msingi wowote uliowahi kuchimbwa na binadamu, akasikia vigelegele vya wanawake wanaomsindikiza bi harusi, hafifu kwanza, halafu vinakaribia, halafu viko pale chini ya nyayo zake, vimekatika ghafla, na kimya kilichofuata kilikuwa kimya cha watu wengi waliosimama wanamtazama yeye, mgeni asiyealikwa, aliyesimama mahali pasipo pake.

Akataka kumwita mume wake, akamtazama. Cleophas alikuwa ameuachia mkono wake. Alisimama ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwenye kundi la watu, na alikuwa anatabasamu.

Hapo Gaudiosa akaogopa kweli. Alipiga mlango kwa viganja mpaka Christopha akaja akausukuma kwa bega kutoka nje. Ukuta waliokuwa wanaupaka, upande aliosimama Gaudiosa, rangi ilikuwa imekauka na kujaa malengelenge.

Walimwita katekista. Ni mtu mwaminifu, hakukimbia. Aliinyunyizia sakafu maji ya baraka, yakaruka na kuchachatika kama kwenye kikaango, naye akaendelea na sala yake mpaka amina. Walipotoka nje akamshika Cleophas mkono akamwambia kwamba yeye amefanya lake, na kwamba kuna mambo ya wazee ambayo waulizwe wazee.

Basi wakamwita Baltazari. Kwa wengi Mazwi yeye ni fundi baiskeli tu, mzee mfupi mwenye vidole vyenye grisi, lakini watu wa kwao wanajua kwamba baba yake na babu yake walikuwa wafua chuma. Alikuja na spoku moja ya baiskeli. Akaingia namba nne peke yake, akaichomeka kwenye ule ufa, akakaa nayo kidogo. Alipoitoa ilikuwa nyekundu.  Akatoka akawaashiria wamfuate, akawapeleka mpaka nyuma ya choo, mbali na nyumba, ndipo akanong'ona.

Akamuuliza Cleophas ameweka nini kwenye msingi. Cleophas akamwambia. Baltazari akafumba macho.

"Ilungu lilikuwa likipambwa kama bi harusi," alisema. "Wazee wakishaliwasha hawakulala na wake zao mpaka chuma kitoke. Lenyewe ndilo lilikuwa mke. Wewe umemvunja, ukamleta mjini kwa lori, ukamlaza chini ya sakafu. Halafu juu yake ukaweka wake za watu."

Cleophas aliuliza dawa yake ni nini. Baltazari akamweleza taratibu, na Gaudiosa akayashika yote kichwani. Nyumba ivunjwe mpaka msingi, kila kipande cha ilungu na kila kipande cha mavi ya chuma kirudishwe Mwazye, na nyundo ya kwanza ipigwe na mkono uleule uliovunja ilungu. Ama sivyo, ilungu mwenyewe apewe mume. Mwanamume akilala kwake kwa hiari yake atatulia, nyumba itakalika, ila mwenye mke asilete mke wake mle.

"Lakini akishampata mume, mimi msiniite tena," akasema. "Na asije mtu mwingine akagusa ukuta kwa nyundo wakati mume yumo. Ilungu ataondoka na mumewe."

"Na tukiuza?" Gaudiosa akauliza. Baadaye aliliona aibu swali hilo.

Baltazari alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kimoja baada ya kingine. "Mkiuza itakuwa ya aliyenunua."

Kuvunja kunatamkwa kwa urahisi na mtu ambaye hakujenga. Cleophas alikuwa ameibeba nyumba ile tofali kwa tofali. Alikuwa amekosana na fundi, amekosana na watu wa ardhi kwa hati iliyochelewa, amekosana na jirani kwa nusu hatua ya mpaka, na kila ugomvi ulimwongezea mapenzi kwa nyumba. Mwezi mzima waliishi bila kulitaja jambo lile. Walikula, wakasali, wakazima taa. Gaudiosa alichoka kuliko alivyowahi kuchoka akiwa na watoto wachanga, kwa sababu mtoto hulala, na nyumba hii hailali kichwani.

Mwezi wa pili dalali akajitokeza na mteja. Lutengano alikuwa mtumishi wa serikali kutoka Mbeya, kijana mpole aliyejikusanyia akiba ya miaka saba, na mke wake Atusaye alikuwa na mimba ya miezi sita. Walitaka nyumba ya kupangisha ambayo wao wenyewe wangekaa chumba kimoja mpaka mtoto azaliwe. Cleophas alijifanya anaumwa, akamwachia Gaudiosa awatembeze. Naye aliamua kuuza. Alilala na uamuzi huo, akaamka nao, akaenda kuungama nao kabla hata hajautenda, kisha akaogopa foleni akarudi.

Aliwaonyesha bati, akawaonyesha mita, akawaonyesha choo. Lutengano akauliza kama nyumba haina neno, akajibu haina. Wakaingia namba nne. Atusaye alikuwa na miguu iliyovimba. Alivua viatu vyake, akakanyaga saruji, uso ukamlainika.

"Mume wangu, njoo uone. Hapa mtoto hatapata baridi," alisema, akanyoosha mkono amshike.

Gaudiosa akasikia hewa imeanza kwenda chini.

"Mwanangu," alisema, "vaa viatu vyako utoke."

Akawaeleza wakiwa barabarani, mambo yote, tangu Fuso. Lutengano alimsikiliza, akamshukuru, akamshika mke wake mkono wakaondoka bila kugeuka nyuma. Dalali naye alitema mate akaondoka.

Cleophas hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kwenye tofali zilizobaki za ujenzi, akaitazama nyumba yake.

"Tumebaki nayo," alisema.

"Tuivunje, Baba Anjela. Kesho tununue nyundo. Turudishe vya watu, tukae kwetu tuzeeke."

"Vya babu nimevunja mara moja. Vyangu siwezi. Nitalala mle mimi."

"Na mimi?"

"Si ndiyo kwa ajili yako nafanya?" akasema, kwa upole kabisa, na Gaudiosa akajua kwamba ameshampoteza. Miaka thelathini na nne ya ndoa iliishia kwenye jibu la mtu anayeamini anatenda wema. Iliuma kuliko tusi.

Mwezi wa tatu Cleophas alikwenda namba nne na godoro na blanketi, akasema ni siku mbili tatu tu, aone. Siku hizo hazikufika mwisho. Na nyumba ikatulia, tena ikatulia vizuri. Christopha akaleta wenzake wa bodaboda, wakaja madereva wa malori ya Kasesya wanaohitaji pa kujinyoosha, wakaja vijana wa chuo, wote wasio na wake, vyumba vitano vikajaa na mpangaji hakuthubutu kuchelewesha kodi. Bahasha ilifika kwa Gaudiosa kila mwezi mkononi mwa Christopha. Dalali akaanza kumsifu mzee hadharani kwamba yeye ndiye mwekezaji hasa, anaishi na mradi wake.

Mwanzoni Cleophas alikuja nyumbani kula mchana. Halafu akawa anakuja mpaka uani, anakula amesimama. Halafu Gaudiosa akawa ndiye anayempelekea chakula, anampokelea barazani. Baridi ilirudi na yeye havai koti. Nyusi zake ziliungua zikaisha. Viganja vyake vikawa vyeusi, weusi usiotoka kwa sabuni, na aliposhika bakuli la ugali Gaudiosa aliona mvuke unaongezeka. Siku moja ya mwezi wa tano Cleophas alimuuliza habari za "yule binti", na Gaudiosa ikamchukua muda kuelewa kwamba anamuulizia Anjela, mtoto wao wa kwanza. Alilia njia nzima, akiwa na bakuli tupu, watu wanampa pole hawajui ya nini.

Basi akanunua nyundo. Alichagua kubwa, ya mpini mpya, akakodi vijana wawili, akawapanga barabarani na kuwaapisha wasiguse ukuta mpaka mzee mwenyewe awe amepiga ya kwanza na ametoka nje. Alikuwa ameyapanga maneno yake usiku kucha. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito, wapangaji wamekwisha kwenda kazini, akabisha hodi namba nne.

Cleophas alifungua. Alikuwa amekonda, lakini amenyoa na amevaa shati safi lililopigwa pasi, ambalo Gaudiosa hakulijua. Akamtolea kigoda barazani kama anavyotolewa mgeni. Gaudiosa hakukaa.

"Baba Anjela, twende nyumbani," alinong'ona. "Piga moja tu. Hao vijana watamalizia."

Akamwekea nyundo mikononi. Cleophas aliipima uzito wake. Akautazama ukuta, kona ile ambako yeye na fundi waligombana kuhusu timazi, na macho yake yakajaa machozi, na mpini ukaanza kupanda, taratibu, mpaka usawa wa kifua.  Kule ndani, nyuma ya pazia, kikombe kikawekwa mezani. Kitanda kikalia kama kinavyolia mtu akijigeuza. Ikaja sauti ya mwanamke, ya kijana, yenye lafudhi ya Mwazye, nzito ya usingizi.

"Nani huyo, mume wangu?"

Nyundo ikashuka. Cleophas alimtazama Gaudiosa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu alimtazama kama mtu anayemfahamu, mtu aliyezaa naye, aliyezika naye wazazi. Hakuwa amesahau kitu. Hata jina la Anjela hakuwa amelisahau. Akatikisa kichwa kidogo sana, hapana, akimsihi.

"Ni dada yangu," akajibu kuelekea ndani. "Kapita kutusalimu."

Pazia likavutwa na upepo kwenda ndani, likakaa hukohuko.

"Mkaribishe wifi, basi," ile sauti ikasema, imechangamka sasa, na hatua zikasikika zinakuja juu ya saruji, za miguu mitupu. "Mbona mnamweka nje kwenye baridi?"

Gaudiosa alimtazama mume wake. Neno moja lilikuwa mdomoni mwake, neno la haki, alilolivaa kidoleni miaka thelathini na nne, na alijua kwamba akilitamka wote wawili hawatatoka kwenye baraza ile. Akalimeza.

"Asante, wifi," akajibu, kwa sauti iliyochoka. "Leo nina haraka. Nitakuja siku nyingine."

Akaichukua nyundo mikononi mwa Cleophas, kwa uangalifu isije ikagonga ukuta, akawaendea wale vijana barabarani akawaambia kazi hakuna.